Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: mguu wangu haukugongwa na bodaboda

Mheshimiwa Mbunge,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila kwa umri wewe ni mwanangu, na simu yako kila nikipiga inapokelewa na katibu, basi nimeitikia mapema ili tuanze kwa adabu.

Ni mimi yule mzee wa upinde na mshale. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wewe ulikaa chini ya turubai kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, mimi nikasimama juani saa mbili na ushei nikingoja zamu ya kuweka upinde na mshale mnarani kwa niaba ya wazee wa vita vya Kagera. Ulinipigia makofi. Tulipomaliza ukanishika bega ukasema, "Mzee, nyinyi ndio hazina yetu." Nikapewa soda, biskuti na fulana isiyonienea. Kwa soda sina ugomvi, ilikuwa ya baridi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye dirisha la ofisi moja ambayo sitaitaja, nafuatilia faili langu la pensheni ya ulemavu. Faili hilo nilianza kulifuatilia binti yangu mkubwa hajaolewa. Sasa yeye anaoza wa kwake. Kijana wa dirishani, msafi, ananukia vizuri, akanitazama mguu kisha akaniuliza: "Mzee, una uthibitisho gani kwamba ulikatikia vitani? Pengine uligongwa na bodaboda." Foleni yote nyuma yangu ikacheka. Hata mimi nilicheka, maana mtu mzima akiaibishwa mbele za watu hufanya nini kingine?

Mheshimiwa, mwaka 1979 bodaboda ilikuwa wapi? Kijiji chetu kizima kilikuwa na baiskeli mbili, ya katibu kata na ya katekista.

Sasa ngoja nisimulie, maana naona huko ofisini hawakusimuliwa. Amin alipoiteka ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, Mwalimu alisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mimi nilikuwa na miaka 20, mgambo wa kijiji, nimezoea kupigishwa kwata na bunduki ya mti. Jeshi lilikuwa na watu wasiozidi 40,000. Katika miezi michache likapita 100,000. Watu hao hawakuota kama uyoga. Walitolewa vijijini, na mmoja wao ndiye huyu anayekuandikia. Waliobaki nyumbani walitoa ng'ombe, kuku na malori, sisi tukatoa miili.

Nilipangwa Brigedi ya 201, karibu sote mgambo. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 tulikuwa Lukaya, barabara ya kwenda Kampala, mahali ambapo njia inapita katikati ya kinamasi, huna pa kukimbilia kulia wala kushoto. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakatufyatulia maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa vyetu, lakini ule mlio, Mheshimiwa, hata leo bati likigongwa na embe usiku mke wangu hunishika mkono. Sitakudanganya: wengi wetu tulikimbia. Kipande cha chuma kilinikuta nakimbia. Kama pensheni ni ya waliopigwa wakitazama mbele tu, basi waniambie hivyo, nitanyamaza. Usiku huo Brigedi ya 208 ikazunguka kwa nyuma, asubuhi adui akabanwa, njia ikafunguka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Siku hiyo nilikuwa kitandani, nikaisikia habari kwenye redio ya muuguzi. Mguu wangu wa kulia ulikwisha kukatwa chini ya goti, ukabaki Uganda. Sijui waliuzika au waliutupa. Ila vidole vyake vinaniwasha mpaka leo, hasa msimu wa mvua.

Nilirudi na cheti, medali na gongo. Cheti kililiwa na mchwa mwaka wa mvua nyingi, na hilo ndilo kosa langu pekee katika habari hii, nalikiri.

Nilivyoeleweshwa dirishani ni hivi: askari mwajiriwa ana namba ya jeshi, akiumia hukaa mbele ya bodi ya madaktari, wanapima ulemavu kwa asilimia, na asilimia ndiyo inayozaa shilingi. Mgambo hana namba, kwa hiyo hana bodi, kwa hiyo hana asilimia. "Wewe mzee hukuwa mwajiriwa," nikaambiwa. Sasa pale Lukaya nilikuwa kibarua wa nani? Nikaambiwa tena nilete barua ya kamanda wangu. Kamanda wangu ni marehemu. Mwenzangu niliyelala naye blanketi moja njia nzima amezikwa Kaboya, Muleba. Nilikwenda kumzuru mara moja. Makaburi yanatunzwa, nasema kwa haki, chokaa imepakwa vizuri. Sisi tulio hai ndio hatujapata wa kutupaka chokaa.

Faili liko wapi, sijui. Mimi nadhani lilipotea ofisi zilipohamishwa. Jirani yangu anasema panya. Mwenzangu mwingine wa vitani anasema hakuna kilichopotea, wanatungoja tufe. Hilo sitaki kuliamini, ila hesabu inamuunga mkono: kata yetu tulirudi kumi na mmoja, tumebaki watatu, na mmoja haoni. Fedha nayo tunaambiwa haipo. Wakati huohuo tulisikia mwaka 2007 kwamba Uganda imekubali kulipa deni la vita ile. Sikuomba nionyeshwe hizo pesa, niliomba tu kujua kama ndani ya deni hilo mguu wangu ulihesabiwa.

Vita vilipokwisha Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Nilitii. Sijasikia bado aliyesema tufungue.

Nawe, Mheshimiwa, ulisimama juu ya gari pale gulioni, siku ya Jumatano, mvua inanyesha, ukasema suala la wazee wa Kagera utalifikisha bungeni ndani ya siku mia moja. Kila asubuhi nilitia punje moja ya mahindi kwenye kopo. Zilipofika mia nikazimwagia kuku, nikaanza upya. Nimeacha, mahindi yamepanda bei.

Mguu huu unaouona kwenye picha mliyopiga Julai ni wa bandia, wa tatu tangu vita. Wa kwanza nilipewa, wa pili nilisaidiwa na wamisionari, huu niliuza ndama. Sehemu inayoshika goti imepasuka. Nimeizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na ndani nimejaza soksi mbili za mtumba. Nikitembea hatua mia mbili, soksi ya chini inalowa damu. Siku ile ya upinde, saa mbili zile za jua, ilikuwa imelowa wakati unanishika bega.

Mwanzo nilidai malimbikizo ya miaka yote. Nikaona ni mengi, nikapunguza: pensheni kuanzia sasa. Nikapunguza tena, walau bima ya matibabu. Sasa naomba jambo moja: bodi ya madaktari ije hapa wilayani, siku moja tu, itupime sisi watatu. Wasituite Dodoma, nauli ya huko ni ndama mwingine. Kigutu kipo, hakihitaji cheti, nitavua suruali wakiangalie, na chuma kingine bado kimo pajani, mashine ya hospitali inakiona. Barua ya kamanda waiulize hiyo mashine. Naomba bodi. Uliza swali bungeni, au swali la nyongeza, au mwambie mwenzako mkikutana kwenye chai, mimi njia sichagui. Bodi tu.

Nipo nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano, siku ya gulio.

Na kama ikifika Julai bodi haijakaa, tafuteni mzee mwingine wa kushika upinde na mshale. Nami nitakuja, msiwe na wasiwasi. Nitakuja na gongo langu la zamani, na zamu yangu ikifika nitauvua mguu huu wenye mpira wa baiskeli na kuuweka pale mnarani, palipo na shada la maua la ofisi yako.

Wako,
Mgambo wa zamani, Brigedi ya 201,
Kanda ya Ziwa