Mwalimu wa Uganda asiende Shanghai bila viza ya Z, yaani viza ya kazi

Mhariri,

Makundi ya WhatsApp ya walimu wetu yamejaa matangazo ya kazi za kufundisha Kiingereza China, hasa katika miji mikubwa kama Shanghai, Guangzhou na Shenzhen. Mengi yanaimba wimbo mmoja: shahada yoyote yatosha, Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda kwa hiyo hakuna kikwazo, lipa ada ya kushughulikia karatasi kisha uanze kufunga mizigo. Kuna walimu wanaouza viwanja na kukopa SACCO kwa ahadi hizo. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze masharti yalivyo, kwani yameandikwa na serikali ya China yenyewe, wala si siri ya mawakala.

Tuanze na lile linalofichwa zaidi. Kanuni ya China ya kuajiri walimu wa lugha kutoka nje inasema kwamba kimsingi mwalimu afundishe lugha yake mama, shahada yake ya kwanza au ya juu zaidi iwe imetolewa katika nchi ya lugha hiyo, na awe amefundisha lugha kwa miaka miwili au zaidi. Kwa Kiingereza, nchi zinazohesabiwa kwa kawaida ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia na New Zealand. Afrika Kusini nayo hukubaliwa mara nyingi. Uganda haimo. Kiingereza kuwa katika Katiba yetu, au kuwa lugha ya mitihani ya UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda, hakubadilishi hesabu hiyo. Ofisa anayepokea maombi hasikilizi matamshi ya mtu. Anatazama pasipoti na chuo kilichotoa shahada. Kwa maoni yetu sharti hili linawanyima watoto wa China walimu wazuri sana, lakini ndilo linalotumika, na mwalimu wetu hana budi kupanga safari yake akilijua.

Msamaha wa miaka miwili ya uzoefu upo, nao hupotoshwa sana. Anayeweza kusamehewa ni mwenye shahada ya elimu, ya lugha au ya ualimu, au mwenye leseni ya ualimu ya nchini kwake, au mwenye cheti cha kufundisha lugha kinachotambulika kimataifa. Hapo ndipo cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120 kinapopata thamani yake. Lakini cheti hicho hugusa uzoefu tu. Hakigusi sharti la lugha mama, wala hakichukui nafasi ya shahada. Mwalimu wa Grade III, mwenye cheti tu, akikaa usiku kucha mtandaoni hadi apate TEFL bado hana sifa, na mwenye stashahada ya Grade V hali kadhalika. Tena vyeti vyenyewe havilingani: CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ina saa sita za kufundisha darasa halisi chini ya jicho la mkaguzi, ilhali kozi nyingi za bei rahisi hazina hata dakika moja mbele ya wanafunzi.

Kuna jambo jingine linalowaumiza Waganda kuliko wengine. Miaka ya uzoefu kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku ya kupata shahada. Walimu wetu wengi huanza na cheti, hufundisha miaka kumi, na wakati huo husoma shahada wakati wa likizo. Mtu kama huyo akihitimu mwaka jana, mbele ya ofisi ya Shanghai ana mwaka mmoja tu wa uzoefu. Barua ya mwalimu mkuu inayosema kwa jumla kwamba amehudumu kwa uaminifu tangu 2012 haimsaidii. Inayomsaidia ni ile yenye kichwa cha barua cha shule, jina kama lilivyo katika pasipoti, cheo, somo alilofundisha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saini, muhuri, na simu ambayo ikipigwa itapokewa.

Kwa nini basi tusiwaambie walimu wakate tamaa? Kwa sababu mlango ulio wazi zaidi kwa Mganda ni wa somo, si wa lugha. Shule za kimataifa katika miji hiyo, zinazofuata mtaala wa Cambridge au wa IB (International Baccalaureate), huajiri walimu wa hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na kompyuta, na masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza. Huko mwombaji hupimwa kama mtaalamu wa kawaida: shahada inayohusiana na kazi, miaka miwili ya kazi inayohusiana, afya njema, rekodi safi ya polisi, na umri ambao kwa kawaida hauzidi miaka 60. Mwalimu aliyefundisha fizikia ya A-level Mbale au Mbarara kwa miaka mitatu baada ya shahada ana hoja nzito kuliko mwenzake anayejaribu kujipenyeza kama mwalimu wa Kiingereza. Njia nyingine ni ya waliosoma shahada ya uzamili katika chuo cha China: wanaweza kuombewa kibali ndani ya mwaka mmoja tangu wahitimu, bila ile miaka miwili, ikiwa wastani wao haukushuka chini ya alama 80 kwa 100. Kiswahili nacho kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, lakini nafasi zake ni chache, na kanuni ya lugha mama inatumika huko pia.

Sasa karatasi. China ilianza kutumia mkataba wa Hague wa apostili, yaani muhuri mmoja unaotambulika katika nchi zote wanachama, tarehe 7 Novemba 2023, na mawakala wengine wanauza apostili hapa Kampala kana kwamba Uganda nayo ni mwanachama. Hati zetu bado zinapita njia ndefu: shahada na orodha ya alama huthibitishwa na chuo na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa China. Utaratibu huo haurukwi hatua, maana kila ofisi inathibitisha muhuri wa ofisi iliyotangulia. Cheti cha tabia njema kutoka Interpol ya Polisi ya Uganda hupitia wizara na ubalozi vilevile. Kwa kawaida hutakiwa kiwe hakijapita miezi sita tangu kitolewe, kwa hiyo kichukuliwe mwishoni, baada ya shahada kuwa tayari. Ukikianza mapema kitakwisha muda ukiwa bado unangoja. Aliyepata shahada au CELTA yake Uingereza anathibitisha hati hizo Uingereza, si Kampala.

Majina ndiyo hukwamisha maombi mengi. Pasipoti inasema Nakato Sarah, shahada inasema Sarah N. Kato, barua ya shule inasema Mrs. Ssemakula. Kwetu kila mtu anajua ni mtu mmoja. Mfumo wa maombi wa China unaona watu watatu. Anayejijua ana tatizo hilo alimalize kwa wakili na kwa chuo kabla hati ya kwanza haijagongwa muhuri.

Baada ya hapo kazi ni ya mwajiri. Yeye ndiye anayeomba mtandaoni taarifa ya kibali cha kazi, hati inayotolewa na mamlaka ya Kichina kwa jina lako na kwa jina la shule yake. Ukiwa na hati hiyo, ndipo unapoomba viza ya Z ubalozini. Bila hiyo hakuna Z, hata wakala awe na marafiki wangapi. Viza hiyo huingiza mtu mara moja tu. Ukifika, unajiandikisha polisi ndani ya saa 24 (ukilala hotelini, hoteli hukufanyia), mwajiri anakuombea kibali chako cha kazi ndani ya siku 15, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi. Vipimo vya afya mara nyingi hurudiwa huko huko hata kama ulipimwa Kampala. Pasipoti hubaki ofisi ya uhamiaji kwa muda. Unapewa risiti, na risiti hiyo uitunze mfukoni siku zote.

Wakala akikuambia uingie kwa viza ya M ya biashara au ya L ya utalii, kisha "tutabadilisha ukiwa huko", hapo mazungumzo yaishe. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inampiga mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria faini ya yuani 5,000 hadi 20,000. Kosa likiwa zito, anaongezewa kizuizini cha siku 5 hadi 15. Anaweza kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia kwa mwaka mmoja hadi mitano. Kukaa kupita muda wa viza ni yuani 500 kwa siku, hadi 10,000. Wanafunzi wetu walioko huko nao waelewe kwamba kufundisha mwishoni mwa wiki bila ruhusa ya chuo na ya uhamiaji ni kosa lilelile, na vilevile kufundisha katika shule isiyo ile iliyoandikwa kwenye kibali. Hili la mwisho hunasa watu wasio na hatia: kampuni ya ushauri inaomba kibali, halafu inamsambaza mwalimu katika shule tatu za chekechea.

Wanaosikia habari za neema za zamani wakumbuke pia kwamba Julai 2021 China ilibana vituo vya masomo ya ziada kwa faida, Kiingereza kikiwemo, ikakataza masomo hayo siku za mapumziko, na ikakataza kutumia walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto hao mtandaoni. Vituo vingi vilifungwa. Tangazo linaloahidi kazi ya jioni na wikendi kwa watoto wa shule katika kituo binafsi linahitaji maswali makali.

Maswali yenyewe ni machache. Jina la shule kwa herufi za Kichina na namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, ambazo mtu anaweza kuzitafuta katika mfumo wa serikali wa taarifa za kampuni. Mkataba kwa lugha zote mbili, ukionyesha saa za kufundisha na saa za kukaa ofisini, nani analipa nyumba na tiketi, na shule itatoa lini barua ya kukuachia ukiondoka. Bila barua hiyo na cheti cha kufuta kibali, huwezi kuhamia shule nyingine. Kwa upande wa Uganda, leseni ya wakala kutoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na idhini ya wizara kwa nafasi hiyo hiyo ya kazi.

Tunaiomba wizara hiyo ibandike orodha ya mawakala wenye leseni katika kila ofisi ya elimu ya wilaya, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na ioneshe ni wepi kati yao wameidhinishiwa kazi za ualimu China. Na wewe Mhariri, tunakuomba usichapishe tangazo la kazi ya ualimu ng'ambo ambalo halina namba ya leseni.

Washauri wa ajira za walimu,
Kampala