Wanaouza lethi kuukuu watutajie uzito

MHARIRI,

Mimi ni fundi wa lethi, mashine ya kukereza vyuma, hapa Kisumu, na nina ombi kwa wanaouza na wanaonunua mashine kuukuu za karakana. Vijana wengi wanaotoka vyuo vya ufundi siku hizi hawakai kungoja kuajiriwa. Wawili watatu wanachanga pesa, wananunua Nairobi au Nakuru lethi iliyotumika, au milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka), wanaifunga nyuma ya nyumba ya mzazi na kuanza kukereza shafti za vinu vya kusagia mahindi. Jambo hilo linanifurahisha sana. Kinachonitia uchungu ni namna mashine hizo zinavyofika nyumbani.

Muuzaji atakutajia bei, urefu wa kitanda (ule mwili mrefu wa chuma unaobeba sehemu nyingine za lethi), na kwamba mota inazunguka. Uzito hautaji. Mnunuzi naye akishapunguziwa bei anakodi pikapu, anaokota vijana stendi na kuwaambia kuna kamzigo ka kushusha. Kamzigo gani? Milingi ya aina ya Bridgeport, ile ya kawaida, ni karibu kilo 900. Lethi ya kitanda cha futi sita inaweza kupita tani moja. Tena uzito wenyewe haujagawanyika sawa: lethi hulemea upande wa kichwa penye gia, milingi hulemea juu. Ikishaanza kuinama, hakuna mkono wa kuirudisha.

Majuzi niliitwa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu mambo yakiwa yameshaharibika. Lethi iliteremshwa kutoka kwenye pikapu kwa mbao mbili, mmoja ukakatika katikati, mashine ikalala ubavu juu ya mguu wa kijana mmoja. Alikuwa amevaa malapa. Gurudumu la kusukumia kisu lilipasuka vipande viwili, maana chuma cha kalibu hakipindi, na watu walikuwa wameliinamia hilo gurudumu huku kijana amekaa chini ameshika kifundo. Muuzaji alipopigiwa simu alisema kazi yake iliishia langoni kwake. Mnunuzi akasema vijana ni wa mwenye pikapu. Mwenye pikapu akasema yeye ni dereva tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza, lakini kibarua wa stendi mwajiri wake ni nani?

Kazi hii ina utaratibu wake na haihitaji umati. Mkia wa lethi, kile kipande cha upande wa pili wa kichwa, hutolewa kwanza, kibebea kisu kikasogezwa mbali na kichwa ili mashine isawazike, ndipo mikanda ya kuinulia ipitishwe chini ya kitanda. Usiipitishe kamwe kwenye skrubu ndefu ya mbele. Ikipinda hiyo umenunua chuma chakavu. Milingi hugeuzwa kichwa kikaning'inia chini. Kupakia na kushusha ni kazi ya lori la kreni, au cheni bloku (kifaa cha kuinulia mzigo kwa kuvuta mnyororo) kwenye nguzo tatu za chuma zilizo imara. Njiani mashine ifungwe pande zote nne, hasa ukiwa unashuka kutoka Kericho kuelekea Ahero.

Ikishagusa ardhi, watu wawili wanatosha. Mmoja anainua ncha kidogo kwa mtaimbo, mwenzake anasukumia vipande vya bomba vya unene mmoja. Kila bomba linalobaki nyuma linachukuliwa na kuwekwa mbele, na mguu wa mtu hauingii chini ya mashine hata mara moja. Kwa udongo wetu mweusi wa huku, mvua ikinyesha mabomba yanazama, kwa hiyo lazima utandike mbao nene au mabati mazito hadi mlangoni.

Ninachowaomba wauzaji ni kuandika kilo za mashine kwenye tangazo, palepale penye bei. Vitabu vya watengenezaji huzitaja. Mnunuzi akijua mapema kwamba ni tani moja, atapanga pesa za kreni kabla hajalipa mashine. Na serikali za kaunti, Kisumu na Nakuru, zituwekee cheni bloku na nguzo zake katika maeneo ya jua kali, zikaguliwe inavyotakiwa, tukodishe kwa siku. Mafundi tuko tayari kulipa.

Fundi wa lethi,
Kisumu