Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya: Mtaro, Maji na Barua ya Wakati wa Vuli

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, vijana na ndugu wanajumuiya wote mliofika, nakushukuruni. Najua baadhi yenu mmeacha karafuu juu ya majamvi na jicho moja liko mawinguni, kwa hiyo sitakuwekeni mpaka alasiri. Kwanza tuwaombee dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mfuko wetu wa maziko uliwahudumia wote, na hakuna familia iliyolazimika kukopa kwa ajili ya sanda.

Sehemu kubwa ya taarifa hii ni ya mtaro wa maji ya mvua. Wapo watakaosema mwenyekiti amesahau mengine, lakini mtaro ndio uliokula nguvu zetu mwaka mzima, na ndio uliotufunza jinsi mji huu unavyoendeshwa.

Mji wetu wa Wete, hapa Pemba, umekaa mteremkoni na unashuka mpaka bandarini. Mvua za masika zikianza, kuanzia Machi hadi Mei, maji yote ya juu hutafuta njia ya kwenda baharini, na njia hiyo inapita kwetu. Mwaka huu yalipita ndani ya nyumba za wenzetu wa chini. Magodoro yaliloa, unga uliharibika, karo za vyoo zilifurika, na watoto walivuka maji machafu kwenda skuli na madrasa. Wanajumuiya walipoingia mtaroni na majembe walitoa chupa, pampasi, makumbi ya nazi, matambara na hata tairi. Takataka hizo hazikutoka mbali, ni zetu sisi wenyewe wa juu na wa chini.

Nataka kuwataja kwa heshima mama zetu, kwa sababu siku za kusafisha walikuwa wengi kuliko wanaume, na baada ya kutoka mtaroni walirudi majumbani kupika. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye uchaguzi.

Kusafisha kulisaidia kwa muda tu. Tatizo lenyewe liko kwenye kalvati, yaani kile kidaraja cha kupitishia maji chini ya barabara, ambalo ni jembamba kuliko maji yanayolifikia. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Usafi, taka na masoko ya mji ni kazi ya Baraza la Mji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014. Barabara kuu na mitaro yake ina wenyewe wengine. Bomba la maji linalopita pembeni ni la Mamlaka ya Maji, ZAWA. Mahali pamoja, hatua chache tu, wenyewe watatu. Barua yetu ya kwanza ilikwenda kwenye ofisi isiyohusika na kalvati, ikajibiwa kwa adabu kwamba tuende kwengine. Ya pili nayo ikarudi hivyo hivyo.

Kilichosaidia ni kumwendea sheha. Sheha si diwani. Diwani tunamchagua kwa kura kila baada ya miaka 5, na sheha huteuliwa, akiwa mkono wa Serikali Kuu ndani ya shehia, yaani eneo dogo analolisimamia, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya mwaka huo huo wa 2014. Wapo kati yetu waliokuwa wakimchukulia sheha kama mtu wa kugonga muhuri tu. Lakini yeye ndiye aliyeweza kuwaita watu wa ofisi zote tatu wasimame juu ya kalvati lile kwa pamoja, asubuhi moja, diwani akiwepo na mafundi wakiwa na kamba ya kupimia. Waliposimama pamoja, hapakuwa tena na wa kumpeleka mwananchi kwa mwenzake. Nawashukuru wote waliofika.

Jibu walilotupa lilikuwa la kweli, ingawa liliuma: kazi inakubalika, lakini haimo kwenye bajeti ya mwaka huu.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti mwezi wa Mei na Juni, na kabla ya hapo kila taasisi imeshakaa na kupanga mahitaji yake miezi mingi nyuma. Sisi tunalia wakati wa masika, maji yakiwa magotini, na wakati huo hesabu za mwaka unaokuja zimeshafungwa. Juni mvua zikikatika, mtaro unakauka na sisi tunanyamaza. Vuli inapita tukiwa mashambani kwenye karafuu. Inafika Machi, tunaanza upya. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiomba kwa kalenda ya mvua, na fedha zinatoka kwa kalenda nyengine kabisa.

Kwa hiyo kamati yenu imeamua kwamba barua ya mtaro inakwenda sasa, wakati wa vuli, ikiwa na picha za masika, orodha ya nyumba zilizoingiliwa na maji, na vipimo vya kalvati tulivyopewa na mafundi wenyewe. Nakala itakwenda kwa sheha, kwa diwani na kwa kila ofisi iliyosimama pale.

Hili la maji machafu si la magodoro peke yake. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978 na kimeturudia mara nyingi. Mlipuko wa 2015 na 2016 wengi wenu mnaukumbuka. Serikali imejiwekea mpango wa miaka 10, kuanzia 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza kabisa. Mpango huo hauwezi kufika mwisho wake ikiwa karo zinafurikia visimani. Tumewaomba wenye visima vya mdomo wazi wavijengee kuta na kuvifunika, na baadhi wameshafanya. Wengine bado, na nawaomba wafanye kabla ya mvua nyengine.

Vile vile tukubali kwamba tumeongezeka. Sensa ya 2012 iliihesabu Pemba nzima kuwa na watu 406,848. Sensa ya 2022 ikatukuta 543,441. Mitaro tunayoitumia ilichimbwa tulipokuwa wachache, na nyumba mpya zimejengwa mpaka juu ya mapito ya maji. Kamati ilizungumza na familia zinazojenga hivi sasa, kwa upole, ziache nafasi. Zote zilikubali isipokuwa moja, na mazungumzo nayo yanaendelea.

Kuhusu maji ya mfereji, hali ni afadhali kuliko mwaka jana, ingawa nyumba za juu bado hupata usiku tu. Wanajumuiya wengi huniuliza kwa nini maji hukatika kila umeme unapozimika. Ni kwa sababu maji yanavutwa kwa pampu, na pampu zinakwenda kwa umeme, nao umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, uliounganishwa mwaka 2010. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta, na wenye umri wangu wanajua giza lile lilikuwaje. Msimamo wangu juu ya ankara za maji nausema wazi, ijapokuwa najua wazee kadhaa hawaupendi: tulipe. Maji ni neema ya Mungu, na pampu na mabomba yanahitaji mafundi na vipuri. Asiye na uwezo kweli kweli aje kwa kamati kwa siri, tutaangalia namna ya kumsaidia.

Jambo lililonipa furaha kubwa mwaka huu ni la vyeti. Vijana wetu waliomaliza skuli walikaa na familia, nyumba kwa nyumba, kukusanya nyaraka za watoto wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa na watu wazima wasiokuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Kazi hiyo sasa iko chini ya wakala mmoja wa usajili wa matukio ya kijamii, kwa sheria ya 2018, lakini mlango wa mwanzo bado ni kwa sheha. Bibi mmoja wa shehia yetu, ambaye hakuna anayebisha kwamba amepita miaka 70, hakuwa akipata pensheni jamii ambayo Serikali imekuwa ikiwapa wazee wa umri huo tangu 2016. Hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Vijana walitafuta mashahidi, wakapata watu aliosoma nao chuo cha Kurani, wakamsindikiza kila alipotakiwa kufika. Sasa anapokea. Alipokuja kutushukuru alileta mkungu wa ndizi, nasi tuliula pamoja naye.

Upande wa skuli nitasema kwa ufupi, kwa vile kamati ya skuli ina taarifa yake. Ugatuzi wa 2017 uliisogeza elimu ya maandalizi na msingi karibu na serikali za mitaa, na mahitaji ya skuli nayo yanaingia kwenye kalenda niliyoieleza. Madawati ya Januari yaombwe mapema.

Sasa uchaguzi wa kamati. Katiba yetu haimzuii mwanamke kushika nafasi yoyote, lakini kwa mazoea tumekuwa tukiwapa mama zetu nafasi ya mjumbe wa kawaida tu. Waliobeba mtaro huu mabegani ni wao. Naomba safari hii tuwapendekeze kwa ukatibu na kwa uenyekiti, na wale mtakaopendekezwa msikatae kwa haya. Mimi muda wangu kwa mujibu wa katiba umekwisha na sitagombea. Nitabaki mwanachama na nitalipa ada yangu.

Mafaili yote ya mtaro, majibu ya ofisi na orodha ya nyumba yako kwa katibu, na mwenyekiti mpya atakabidhiwa leo mbele yenu. Barua ya vuli iko mezani pale. Inahitaji saini za wakaazi, na hasa wale wa chini ambao nyumba zao ziliingiliwa na maji. Naomba msaini kabla ya kura kupigwa, kwa sababu tumepanga ipelekwe Jumatatu asubuhi.

Namkaribisha mweka hazina atusomee hesabu.