Barua kwa mwanangu unayeanza upelelezi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia umepangiwa upelelezi. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, na yapo mambo ambayo natamani ningeambiwa mapema.

Ukifika eneo la tukio, usiguse kitu. Kama yupo majeruhi, uhai wake unatangulia yote. Kisha zungushia utepe, andika saa uliyofika na kila aliyekanyaga pale kabla yako, wakiwemo wakubwa zako. Piga picha za mbali, za kati, na za karibu zenye rula pembeni.

Damu ndiyo iliyonifunza. Nikiwa mgeni kazini nilitia shati lenye damu mbichi kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa makini. Siku kadhaa baadaye nilipoufungua, ukungu ulikuwa umeota kwenye kila kunjo, na ile harufu naikumbuka mpaka leo. Kielelezo kilinifia mikononi huku wafiwa wakinitegemea mimi. Nguo mbichi iache ikauke mahali safi, uitie kwenye mfuko wa karatasi, uweke lakiri, sahihi na tarehe. Kila inapobadili mikono, iandikwe. Likibaki pengo la usiku mmoja tu, wakili wa utetezi atauliza kielelezo kililala wapi.

Mashahidi wahoji mmoja mmoja, wasisikilizane. Uliza "ilikuwaje?", halafu nyamaza. Ukiuliza "alivaa shati jekundu, siyo?", jibu utakaloandika ni lako mwenyewe.

Ninachokuhofia zaidi ni kumhukumu mtu moyoni kabla ya ushahidi. Mwaka 1986, huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana. Polisi waliamini ndiye aliyemuua na msichana mwingine mwaka 1983, wakampelekea sampuli Alec Jeffreys, mtaalamu wa vinasaba. Vipimo vikaonyesha kwamba muuaji wa wote wawili ni mtu mmoja, na si yule kijana. Alikuwa amekiri asilolitenda! Muuaji mwenyewe alikamatwa mwaka 1987. Fikiria kama wangeridhika na lile ungamo, wakafunga jalada.

Basi mtu akikwambia "ni mimi", ndipo kazi inapoanza. Msikilize akueleze jambo ambalo hukumdokeza na halijatangazwa popote, kisha kalihakiki kwingine.

Ukikabidhiwa jalada lako la kwanza, nipigie jioni. Usinitajie majina ya watu. Niambie tu umeanzia wapi.

Mzazi wako