Harambee ya Chumba cha Washairi Wadogo, Kisiwani Pate

Assalaam alaykum wazee wetu, wazazi, na nyote mliosoma shule hii mkatawanyika Lamu mjini, Mombasa na Uarabuni.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Jabia wanalonywea watoto ni fedha zenu, na rangi mliyotupakia madarasani haijafifia. Lakini masika yaliyopita mvua ilipenya mabati ya chumba cha ushairi, yaliyokwisha kuliwa na chumvi, ikajaa ndani ya sanduku la mbao. Humo ndimo yalimokuwa madaftari yote ya mashairi waliyotunga watoto. Mwalimu aliyaanika uwanjani, karatasi moja moja, kila moja na jiwe lake. Nyingi zilikauka zikiwa na doa la buluu tu. Waliokumbuka beti zao walizighani, zikaandikwa upya. Za waliokwenda sekondari hatuna. Mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani, tafadhali amketishe aandike anazozikumbuka.

Kwa asiyejua kinachofanyika humo: vitabu vya darasani humfundisha mtoto kuhesabu vina na mizani katika mashairi ya wengine, basi. Jumatano jioni hutunga lake. Huanza na utenzi, mizani 8, kidole kimoja kwa kila silabi, gumba mbili zikipumzika. Akizoea huingia kwenye shairi la mizani 16, lenye ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya kila mshororo, na hapo wengine hulia kabisa, kina kikiwakataa. Lahaja ya nyumbani inaruhusiwa. Binti wa Gredi ya 6 alituletea ubeti huu, nasi hatukuugusa:

Bahari imeondoka,
Mashua imekwamika,
Baba bado hajafika,
Mama angoja gatini.

Aliyewahi kungoja maji yajae ndipo avuke, atamwelewa.

Mwana Kupona aliishi Siyu, kisiwani humu humu, na utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858 unasomwa mpaka leo. Tunajivunia jina lake kila tukipata mgeni. Harusini nako tunawatuza waimbaji noti bila kuhesabu, Mwenyezi Mungu azidishe furaha hizo. Ila watoto wanaotunga wamezungukwa na ndoo za kukingia matone, na hilo tumelinyamazia sote, kamati ikiwemo.

Mahitaji ni haya: mabati 40, Sh 50,000, mbao na misumari, Sh 38,000, fundi, Sh 22,000, nauli ya mashua kutoka Lamu, Sh 15,000, kabati la chuma, Sh 20,000, na kuchapa nakala 100 za diwani ya watoto, Sh 40,000. Jumla Sh 185,000. Wazazi wameshachanga Sh 42,300, baadhi yao kwa kuuza samaki wa kitoweo. Zimebaki Sh 142,700. Kila shilingi itaandikiwa risiti, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa shule na kusomwa mkutanoni.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, uwanjani, baada ya Alasiri. Watoto wataghani wenyewe. Walio mbali watume kwa mweka hazina, ambaye kila ukoo unamfahamu. Asiye na fedha alete mbao, au siku moja ya kazi. Na mwenye mashua itakayotoka Lamu tupu wiki hiyo, tunaomba nafasi ya mabati, maana Sh 15,000 za nauli zingenunua mabati 12 zaidi, na jiko la shule nalo linavuja.