Fenway Park uliokolewa kwa hesabu, si kwa mapenzi pekee

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa michezo maoni kwamba Wamarekani huviacha viwanja vikuukuu visimame kwa sababu tu wanapenda mambo ya kale, na Fenway Park, uwanja wa besiboli wa Boston, ukatolewa kuwa mfano. Naishi Lowell, safari ya treni isiyofika saa nzima kutoka Boston, na naomba nafasi nieleze kwa nini sikubaliani na maoni hayo. Fenway upo leo kwa sababu walikuwepo watu waliokataa kukubali kwamba haukarabatiki kabla ya kuonyeshwa hesabu.

Wengi wa wasomaji wenu wameukaribia uwanja huu kupitia televisheni bila kujua. Mbio za Boston Marathon hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, na siku hiyo timu ya besiboli ya Red Sox hucheza nyumbani tangu asubuhi. Wakimbiaji wanapofika Kenmore Square wakiwa wamebakiza maili moja, Fenway uko hatua chache kutoka hapo, na mashabiki wanaotoka uwanjani hujiunga na umati ulio barabarani. Ibrahim Hussein alipita hapo mwaka 1988 akielekea kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Evans Chebet na Hellen Obiri nao wamepita hapo hapo wakielekea ushindi.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya Titanic kuzama. Red Sox waliwashinda New York Highlanders, ambao leo ndio Yankees, kwa 7-6. Siku hiyo hiyo mjini Detroit ulifunguliwa uwanja mwingine, Navin Field, ambao baadaye uliitwa Tiger Stadium. Viwanja hivi viwili ni pacha wa siku moja, na nitarudi kwa huyo wa Detroit kwa sababu kisa chake ndicho kinachonifanya niandike.

Watu husema Fenway kana kwamba umekaa vile vile tangu 1912. Sivyo. Mwaka 1926 moto uliteketeza majukwaa ya upande wa kushoto, na mwenye timu wa wakati huo hakuwa na fedha za kuyajenga upya, pakabaki pengo. Tom Yawkey aliinunua timu mwaka 1933 akaanza kuujenga uwanja karibu wote upya. Januari 1934 moto mwingine ukazuka kazi ikiwa katikati, lakini milango ilifunguliwa Aprili mwaka huo. Sehemu kubwa ya zege, chuma na viti vya mbao ambavyo mtalii anavipiga picha leo ni ya 1934. Hata taa za kuchezea usiku zilikuja mwaka 1947, na mwaka huo ndipo ule ukuta mrefu wa upande wa kushoto ulipofutwa matangazo na kupakwa rangi ya kijani iliyoupa jina la Green Monster. Kwa hiyo ukale huu tunaousifu wenyewe ni zao la ukarabati uliofanywa na watu wa zama zao, kwa mahitaji ya zama zao.

Mwaka 1999 wenye timu walitangaza kwamba Fenway umechoka na haufai kukarabatiwa. Walitaka kujenga mpya jirani yake, na mwaka 2000 bunge la jimbo la Massachusetts likapitisha mpango uliohusisha zaidi ya dola milioni 300 za fedha za umma. Mashabiki waliounda kikundi cha Save Fenway Park! hawakuishia kulia machozi. Waliwaita wasanifu majengo wakakaa nao na michoro, wakaonyesha pale palipobanana panaweza kupanuliwa vipi na kazi igawanywe vipi. Kujenga upya kukakwama, na mwaka 2002 timu ikauzwa kwa kundi la John Henry, Tom Werner na Larry Lucchino.

Hawa walimleta Janet Marie Smith, aliyesimamia usanifu wa Camden Yards wa Baltimore, uwanja uliofunguliwa 1992 na kuwakumbusha Wamarekani kwamba uwanja wa besiboli unaweza kukaa katikati ya mji. Kazi ilifanywa kila majira ya baridi timu ikiwa mapumzikoni, mwaka baada ya mwaka hadi 2011. Gharama yote ilifika takriban dola milioni 285, ambazo timu ilizibeba kwa msaada wa nafuu ya kodi inayotolewa kwa majengo ya kihistoria. Red Sox hawakuhama hata msimu mmoja. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2004, walitwaa ubingwa waliokuwa wameukosa kwa miaka 86.

Napenda mjue kazi yenyewe ilikuwa nini, maana kwetu neno ukarabati mara nyingi huishia kwenye rangi na nyasi. Baridi ya Boston ni adui wa zege. Maji yakipenya kwenye ufa huganda, barafu hutanuka na kupasua zaidi, na nondo zilizo ndani hushika kutu. Fundi akizibaziba juu, mwaka ujao ufa uko pale pale. Hapa waling'oa viti, wakatengeneza zege iliyooza, wakaweka tabaka la kuzuia maji, ndipo viti vikarudishwa. Vile vya mbao vilivyoweza kutengenezwa vilitengenezwa vikarejeshwa mahali pake. Hakuna shabiki anayekuja kuangalia tabaka la kuzuia maji, lakini bila hilo mengine yote yangekuwa pambo.

Tatizo la nafasi nalo lilitatuliwa kwa akili. Njia za ndani zilikuwa nyembamba mno, basi barabara iliyo kando ya uwanja ikawa inafungwa siku za mechi na kugeuzwa ua wa mashabiki. Juu ya Green Monster, ambao una urefu wa mita 11 na ushei, palikuwa na wavu wa kuzuia mipira isivunje madirisha ya Lansdowne Street. Mwaka 2003 wavu uliondolewa, vikawekwa viti takriban 270, na leo hivyo ni miongoni mwa viti vinavyogombaniwa zaidi. Chini ya ukuta huo ubao wa matokeo ungali unaendeshwa kwa mkono: mtu yuko ndani, anachomeka vibao vya namba kwenye matundu yake. Ukiusogelea ukuta unaona vishimo vilivyoachwa na mipira, kimoja juu ya kingine.

Sasa turudi Detroit. Mashabiki wa huko nao walikuwa na mpango wao. Mwaka 1990 walionyesha kwamba Tiger Stadium ungeweza kukarabatiwa kwa takriban dola milioni 26. Wenye timu hawakuukubali. Mechi ya mwisho ilichezwa Septemba 1999, timu ikahamia uwanja mpya wa takriban dola milioni 300, na ule wa zamani ukakaa mtupu karibu miaka kumi hadi ulipobomolewa mwaka 2008 na 2009. Baada ya hapo watu wa kujitolea waliingia na mashine zao wenyewe wakawa wanafyeka nyasi za uwanja ambao haukuwa tena na majukwaa. Detroit hawakupungukiwa mapenzi kuliko Boston. Walichokosa ni mwenye timu aliyekuwa tayari kuisoma hesabu yao.

Simaanishi kwamba Fenway ni mbingu. Viti vya mbao ni vyembamba, na mtu wa kimo cha kawaida hukaa magoti yakigusa kiti cha mbele. Nguzo za chuma bado ziko katikati ya majukwaa na unaweza kulipa kisha usimwone mrushaji mpira. Tiketi ni miongoni mwa ghali zaidi katika ligi, na hilo linaniuma, kwa sababu familia nyingi za wahamiaji ninazozifahamu hapa Lowell huutazama uwanja huu kwa nje tu.

Kuna pia historia ambayo rangi ya kijani haiwezi kuifunika. Aprili 1945 Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyekuja kuwafungulia weusi milango ya ligi kuu, alifanyiwa majaribio Fenway na Red Sox hawakumchukua. Chini ya Yawkey timu hiyo ilikuwa ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959. Barabara ya pembeni ilibeba jina la Yawkey tangu 1977 hadi 2018, pale timu yenyewe ilipoiomba Boston irudishe jina la zamani, Jersey Street. Kwangu mimi huo pia ulikuwa ukarabati, na ulichelewa. Ubao wa matokeo bado una herufi za kwanza za majina ya Yawkey na mkewe, zilizochorwa kwa nukta na mistari ya Morse, ile lugha ya alama ya simu za zamani.

Mhariri, ninyi huandika kila mara kuhusu viwanja vyetu vinavyosemekana vimezeeka. Naomba waandishi wenu, wakiambiwa uwanja fulani haukarabatiki, waulize mhandisi gani alipima zege, ni lini, na nani alimlipa. Kisha waombe bei ya kukarabati kwa awamu iwekwe kando ya bei ya kujenga upya, na mzichapishe zote mbili.

Msomaji wenu,
Lowell, Massachusetts