Fundi wa Wete na kanuni yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke fundi wetu wa Wete, Mwenyezi Mungu amrehemu. Asubuhi alichonga milango na vitanda vya besera. Usiku hukaza nyuzi za kanuni, ile ala ya muziki wa taarabu, nyuzi zaidi ya 70, mojamoja, nasi watoto tumekaa barazani kimya. Alikuwa akigonga ubao wa mvule kwa kucha akajua umekauka au bado. Udi, ala nyingine ya nyuzi, ukipasuka aliuunga usione jeraha. Mwenye shida hakumtoza.

Unguja wana kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa tangu 1905, na chuo cha muziki tangu 2002. Nasi Wete twaomba japo darasa moja. Kanuni yake imo stoo, mchwa wameshaanza.

Msomaji,
Wete, Pemba